Pazia Linaloitikia Wimbo

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo nimeanza kazi ambayo watu wa Keroka wataisimulia nikiwa bado hai. Pazia la taa. Si taa za kuwaka na kuzima kama za baa. Hizi zinasikia. Kwaya ikipanda, zinapanda. Ikishuka, zinashuka. Ikinyamaza, giza. Niliona video kwenye simu, mzungu mmoja ameivika nyumba yake nzima. Nikajiambia, yule ana ngazi na muda. Mimi nina cherehani na miaka ishirini na sita ya kushona sare za shule. Nani zaidi?

Pazia litakaa nyuma ya meza ya maharusi, Jumapili tarehe 24, Celestine akiolewa na Job. Celestine ni binti wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu darasa la nne. Watu wa kukodisha mapambo walimfuata, naye akaja kuniuliza, Baba mdogo, tuwachukue? Nikamwambia awaambie wabaki na mapambo yao, mimi nina jambo. Akawaambia. Hakuniuliza mara mbili.

Nguo zote nilizomshonea utotoni zilikuwa mabaki ya sare. Mikono ya kijani, kifua maroni, kola ya shule nyingine kabisa. Alizivaa kanisani bila kunung'unika. Safari hii nitampa kitu kizima.

Bosibori, mke wangu, aliuliza kama ninajua mambo ya umeme. Nikamjibu stima ni uzi tu, ila hauonekani. Nilipenda hilo jibu. Yeye alirudi jikoni.

Jumatano, 13 Agosti

Mzigo umefika kutoka Nairobi. Tepe kumi na mbili za taa, ubao wa kompyuta unaoingia kwenye kiberiti, na sikio lake, yaani maikrofoni ndogo kama kifungo cha shati. Maelezo ni ya Kichina. Sikuyahitaji.

Nimeshona tepe sita kwenye satini nyeupe, kila utepe ndani ya mfereji wake, na kitambaa chepesi cha shashi juu ili mwanga utoke laini. Mshono mzuri sana. Sijui ni nani mwingine kati ya Kisii na Nyamira angeuweza. Kwenye utepe wa saba sindano ilipita katikati ya taa. Kuanzia hapo kwenda chini, giza. Nimeuacha. Nitasema ni mapumziko ya macho.

Saa tisa nikaweka wimbo wa kwaya kwenye simu. Pazia kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaimba mwenyewe, ubeti wa kwanza na wa pili. Kimya. Kisha lori lililotoka Kericho likafunga breki za upepo pale barabarani, na pazia zima likawaka kama jua la saa sita.

Hadi jioni lilikuwa limeitikia malori kumi na moja, mhubiri wa stendi, na mteja aliyepiga chafya. Halikuitikia wimbo hata mmoja. Mteja wa chafya alitoka mbio akaacha suruali yake.

Ijumaa, 15 Agosti

Mtu anayejua vitu hivi hapa mjini ni mwanamke mmoja, Mokeira, fundi wa simu. Kibanda chake kinatazamana na duka langu. Siwezi kumwuliza. Mwezi wa kwanza nilimpelekea simu iliyokataa chaji. Akaniomba sindano, sindano yangu mwenyewe, akachokoa tundu la chaji, akatoa donge la nyuzi na kuliinua mbele ya wateja. Akasema, "Fundi Anyona, simu yako ilikuwa imevaa sweta." Keroka ilicheka mpaka Pasaka.

Kwa hiyo, mpango. Nilivuka barabara kama mtu anayenyoosha miguu. Nikamwambia nina rafiki, mtu wa Marani, ana taa zinazosikia malori na hazisikii nyimbo, na ananisumbua sana kwa simu.

Mokeira alikuwa akilehemu waya ndani ya simu ya mtu. Hapa nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: sijawahi kuona mkono kama ule. Waya mwembamba kuliko unywele. Ncha ya moto ikashuka, ikagusa, ikainuka. Haikutetemeka hata kidogo. Mimi siku hizi nikitunga uzi kwenye sindano humwita Bosibori. Nilisimama pale nikasahau kilichonipeleka.

Bila kuinua macho alisema kwenye maikrofoni kuna kisanduku kidogo cha buluu chenye skrubu. Mtu wa Marani aizungushe robo, asizidishe. Halafu akasema mtu wa Marani ajipanguse nyuzi nyeupe za satini begani.

Lilikuwa shati jeusi. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro.

Nilizungusha robo. Nikaweka wimbo. Pazia likaitika. Nilikaa sakafuni kati ya vipande vya nguo nikilitazama mpaka jua likatua na Sabato ikaingia.

Jumapili, 17 Agosti

Kikao cha kamati ya harusi nyumbani kwangu. Nilieleza juu ya pazia. Mzee Obwocha, mzee wa kanisa letu, akaweka kikombe chini. Alisema taa zinazocheza ni disko, na katika harusi ya Wasabato hakutakuwa na disko hata la kushonwa.

Nilisimama. Nikasema taa hizi hazichezi, zinaitikia, kama washiriki wanavyoitikia Amina. Ningeketi hapo. Sikuketi. Nikaongeza kwamba zitatenganisha sauti: besi zitawaka buluu kutoka chini, soprano zitawaka manjano kutoka juu.

Sijui lilitoka wapi hilo. Pazia langu lina rangi zote mbili, lakini haliwezi kutenganisha chochote. Ogari, kiongozi wa besi kwenye kwaya, aliinuka akanishika mkono kwa mikono miwili. Alisema ameimba besi miaka thelathini na hakuna aliyewahi kuitazama. Macho yake yalikuwa yamelowa. Celestine alikuwa mlangoni na birika la chai, akinitazama kama alivyonitazama nilipompeleka shule ya bweni siku ya kwanza, sanduku lake kichwani mwangu.

Mzee Obwocha alisema atakuja na atakaa karibu na swichi.

Jumatano, 20 Agosti

Siku mbaya. Nimejaribu kutenganisha buluu na manjano. Nimepata kijani. Upande wa kulia, ambako waya unaingilia, unang'aa vizuri. Kadiri unavyokwenda kushoto mwanga unafifia, mwishoni ni rangi ya uji. Nikaongeza nguvu ya stima. Harufu. Moshi. Tundu la kahawia kwenye satini, ukubwa wa kifuniko cha soda. Nimelifunika kwa ua la kitambaa. Ua ni zuri.

Bosibori aliliona ua. Akaliinua. Akasema siku bado zipo, nimpigie Celestine nimwambie ukweli ili atafute watu wa mapambo. Nikasema sawa, mama. Nikapiga. Celestine aliongea kabla yangu. Alisema ndugu za Job wanaulizia pazia kila siku, na ameota kulihusu. Nikamwambia linaendelea vizuri. Bosibori alikuwa amesimama hapo hapo. Akachukua kikapu akaenda kuchuna mboga.

Ijumaa, 22 Agosti

Mpango wa pili. Huu ni bora.

Mokeira ni Mkatoliki, Jumamosi hufanya kazi. Mimi siwezi kufanya kazi Sabato, wala kumtuma mtu. Lakini kuomba hifadhi si kazi. Saa kumi na moja jioni nilivuka na pazia limekunjwa begani. Nikamwambia duka langu linavuja, anisitirie mzigo hadi kesho jua likizama. Ndani ya mikunjo kulikuwa na karatasi. Kwa bahati tu ilikuwa imeandikwa kila kinachoharibika, kwa mpangilio, na mchoro.

Mokeira aliuliza duka linavujia wapi. Nikamwonyesha juu. Hapakuwa na wingu hata moja.

Akapokea.

Jumamosi, 23 Agosti, Sabato imekwisha

Nikitoka kanisani nilipita njia ndefu. Nilimwona kwa mbali. Ameunganisha meza mbili, pazia limetandazwa juu yake, shuka safi chini lisichafuke. Wateja walikuja, akawarudisha na simu zao. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma kwa mkono mmoja na kupima waya kwa mwingine. Siku nzima ya biashara. Niliona aibu, nikaharakisha hatua.

Jua lilipozama nilikwenda. Alieleza bila kunicheka. Stima ilikuwa ikiingia upande mmoja tu, ikichoka njiani. Akasema, "Kitambaa kirefu ukikishika ncha moja, ile nyingine inalegea. Nimekishika ncha zote mbili." Nilielewa papo hapo. Angekuwa fundi cherehani bora kuliko mimi, na hilo sitalirudia popote. Ameufufua utepe wa saba. Ameuandikia ubao maagizo mapya, ujue sauti nzito na nyembamba. Ameurefusha waya wa maikrofoni. Halafu akaimba yeye mwenyewe, chini kwanza, buluu ikapanda kama maji kwenye pipa. Akapandisha sauti, manjano ikateremka ikakutana nayo katikati.

Ua langu hakuligusa. Alisema hilo ni la kwangu.

Nikamwuliza nimpe nini. Akasema angependa kuliona likiwaka harusini, ila hakualikwa. Miaka tisa tumetazamana barabarani, na hakualikwa. Nikasema barua yake ilipotea njiani. Akasema barabara ni pana kweli.

Jumatatu, 25 Agosti

Jana sikuandika. Naandika leo polepole nisiruke kitu.

Kanisani yote yalikwenda vizuri. Saa nane tukaingia ukumbi wa shule, barabara ya kwenda Nyamira. Wingu likafunga, ukumbi ukawa giza. Nikafurahi, giza ndilo nililolitaka. Kwaya ikasimama. Ogari akasafisha koo. Ndipo mvua ikashuka juu ya mabati, na si mvua ya kunong'ona.

Pazia likaisikia mvua. Likawaka lote, buluu na manjano, kali, bila kupumua. Watu wakafumba macho. Kwaya ikaimba; niliona vinywa vikifunguka, sikusikia neno. Mzee Obwocha akainuka kwenda kwenye swichi. Celestine akanigeukia. Sikuwa na mpango wowote. Kichwa kilikuwa kitupu kama kasha la nyuzi zilizokwisha.

Mokeira alikuwa ameketi safu ya nyuma na gauni la zambarau. Akavua viatu. Akaja mbele, akaichomoa maikrofoni kwenye ndoano yake, akanisemea sikioni, "Mtu wa Marani, shika waya usivutike." Nikashika. Akapanda benchi la kwaya, akaiweka maikrofoni kati ya Ogari na binti wa soprano, na kiganja kingine akakifanya paa juu yake.

Pazia likazima. Kisha kutoka chini buluu ikaanza kupanda, taratibu. Ilikuwa besi. Ilikuwa Ogari. Manjano ikashuka kuipokea. Hakuna aliyeusikia wimbo, lakini tuliuona. Tuliona ubeti ukiisha, tukaona wakivuta pumzi, tukaona kiitikio kikija. Celestine alisimama. Midomo yake ikaanza kusogea. Aliutambua wimbo kwa macho. Job akafuata, halafu meza nzima, halafu ukumbi, watu mia tatu wanaimba wasisikiane, na wote wako pamoja kwa sababu pazia lilikuwa likiwaongoza.

Mzee Obwocha alibaki na mkono kwenye swichi. Nilimwona akiimba. Mkono ukashuka wenyewe.

Nyimbo tatu. Mokeira hakuubadilisha mkono hata mara moja.

Mvua ilipolegea, msimamizi wa sherehe akauliza kazi hii ni ya nani. Vichwa vyote vikanigeukia. Mfukoni nilikuwa na hotuba, ukurasa mmoja na nusu. Mokeira alikuwa ameketi kwenye benchi anajisugua bega, hatazami mtu. Sijui kilichonipata.

"Mimi nilishona kitambaa," nikasema. "Huo mwanga ni wa Mokeira."

Walipiga makofi mengi kuliko ambayo mimi ningepigiwa. Niliyahesabu kwa masikio na hayakuniuma sana. Celestine akaja na gauni lake jeupe, akanishika mkono. Akasema, "Baba mdogo, safari hii rangi zimelingana."

Nikatoka nje kidogo kuangalia mvua.

Alhamisi, 28 Agosti

Duka limejaa watu wanaouliza. Nimewaeleza kwamba maikrofoni kusogezwa karibu na mdomo ilikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo, na kwamba nilimweka Mokeira nyuma makusudi ili atokee ghafla.

Leo amekuja mwalimu wa kwaya kutoka Nyamarambe. Alitaka kuazima pazia tu. Kabla sijaufunga mdomo wangu nilikuwa nimeshamwambia kwamba mapazia yamepitwa na wakati. Sasa ni majoho. Majoho thelathini na manne, kila joho linawaka kwa sauti ya mwenye kulivaa, betri ndani ya kola. Yatakuwa tayari kwa mkutano wao wa Oktoba. Alikaa chini kwa furaha.

Bosibori alisema nivuke kwanza nikamwulize Mokeira kama jambo hilo linawezekana. Nimemweleza kwamba pazia lilikuwa mambo ya stima, ila joho ni nguo, na nguo sifundishwi na mtu.

Nimekwisha kukata saba. Jioni mwalimu alipiga simu kuuliza jambo dogo, kama majoho hayo yanafulika. Nikamwambia yanafulika vizuri sana, hata kwa maji moto.