Kufuli la Mbekenyera

Itangazwe kwa wote, na asiyesikia aambiwe na mwenziwe: mwaka 2003 wilaya za Nachingwea na Ruangwa ziliunda Kamati ya Pamoja ya Kupendekeza Filamu Itakayoiwakilisha Nchi katika Tuzo ya Filamu za Lugha ya Kigeni Huko Ng'ambo. Wajumbe walikuwa saba. Filamu ilikuwa moja. Ushindani, kama ulivyoandikwa kwenye muhtasari wa kikao, ulikuwa mkali.

Mwenyekiti alikuwa Ndugu Eusebio, Mratibu wa Uzinduzi wa wilaya zote mbili, mwenye ofisi Nachingwea. Kazi yake, kwa wasioijua serikali, ilikuwa kuhakikisha hakuna kitu kipya kinachotumika kabla mgeni rasmi hajakikatia utepe. Kazi nzito hiyo, msicheke. Pampu ya maji ya kijiji cha Mbekenyera ilikuwa imekamilika miezi kumi na moja iliyopita, nayo Eusebio aliitia kufuli kwa mkono wake mwenyewe, akisubiri mgeni rasmi apate nafasi.

Sasa filamu yenyewe, balaa gani, ilihusu pampu hiyohiyo. Aliipiga Semeni, mpiga video za harusi wa Ruangwa, mzaliwa wa Mbekenyera. Ilimwonyesha shangazi yake, Bi Sabaha, akiipita pampu mpya na ndoo kichwani kwenda kuchota maji ya tope bondeni. Akirudi, anaipita tena. Watu wote mle wanaongea Kimwera, lugha ambayo ng'ambo ni ya kigeni, na kwa Eusebio, aliyehamishwa kutoka Bukoba, vilevile.

"Haina uwiano," alisema Eusebio baada ya kuitazama. "Serikali haijasikika."

"Mheshimiwa, nilikuja ofisini mara nne. Niliambiwa umetoka kikazi."

"Sasa nimerudi kikazi. Lete kamera."

Eusebio alikuwa na lake moyoni. Barua ya wizara ilisema filamu itakayochaguliwa itasafiri na mtu mmoja, naye Eusebio alikuwa hajawahi kupanda ndege, hata kuisogelea. Aliitaka safari ile mpaka chai ilikuwa haipiti.

Akavaa suti, akasimama mbele ya pampu, akaeleza dakika arobaini. Maji yakichotwa kabla ya uzinduzi, alisema, yatakuwa maji yasiyo rasmi. Na mtu akinywa maji yasiyo rasmi akaugua, atatibiwa kwa utaratibu upi? Utepe ulikwishabadilishwa mara tatu kwa sababu ya jua, jambo linaloonyesha serikali haijalala. Bi Sabaha akapita na ndoo yake. Eusebio akasogea kumpisha, akaendelea.

"Nikate wapi?" Semeni aliuliza.

"Usikate hata neno. Punguza huyo bibi."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Semeni aliinama. Kamati ikapitisha filamu kwa kauli moja, wajumbe wakanywa soda.

Miezi mitatu baadaye barua ikaja kutoka wizarani. Filamu imechaguliwa, na nakala yake iliyotangulia imeshaonyeshwa ng'ambo. Watu wamecheka mpaka wakalia. Wanamsifu hasa mwigizaji aliyecheza kama ofisa: hawajapata kuona mtu akiigiza upumbavu kwa ustadi ule bila kutabasamu hata mara moja. Mwigizaji huyo anaalikwa. Ila kwanza ajaze fomu: je, yaliyoonyeshwa ni ya kweli au ni maigizo? Yakiwa ya kweli, wizara itataka maelezo kwa nini wananchi wamefungiwa maji. Yakiwa maigizo, tiketi iko tayari.

Loo! Eusebio alishinda na ile fomu mezani. Aibu ilimchoma, tusimfichie. Lakini ndege ni ndege. Akaandika: "Nilikuwa naigiza. Hakuna agizo la kufunga pampu. Kufuli ni la mchezo." Akagonga muhuri, nakala akampelekea mpiga filamu, kama taratibu zinavyotaka.

Semeni aliisoma mara moja tu, akapanda lori la ufuta mpaka Mbekenyera. Akawasomea watu, akawatafsiria kwa Kimwera.

"Muhuri upo?" aliuliza Bi Sabaha.

"Upo, shangazi."

"Basi leteni shoka."

Habari zilifika Nachingwea siku mbili kabla ya safari. Eusebio akaja mbio na gari la serikali. Akakuta foleni ya ndoo, watoto wameloa chapachapa, na kina mama wanacheka. Hasira zikampanda, hasira za kweli kabisa.

"Nani amewapa ruhusa? Fungeni mara moja! Maji haya si rasmi! Mimi ndiye serikali hapa!"

Bi Sabaha akatua ndoo, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Jamani, njooni mwone!" aliita. "Ameanza tena! Na leo anaigiza vizuri kuliko kwenye video!"

Wakampigia makofi. Kila alivyozidi kufoka, makofi yakazidi. Alipogeuka kutafuta gari, alimkuta dereva wake ameshuka, naye anapiga.