Bajeti ya Bahari Ndogo

Mungu akiamua kumlisha tapeli, humwonyesha mtu mwenye pesa na hamu kwa wakati mmoja. Ejoku alikuwa akinywa chai katika lodging ya Mama Apolot pale Malaba, dirisha likitazamana na foleni ya malori, aliposikia mwenye nyumba akimwonyesha mpishi wake video kwenye simu. Samaki wa rangi ya chungwa walikuwa wakipita katikati ya matumbawe ndani ya sanduku la kioo, kwenye mapokezi ya hoteli fulani ya Kampala.

"Hii nataka hapa kwangu," Mama Apolot alisema. "Jirani ameweka maporomoko ya maji ya plastiki, sasa kila mgeni anaenda kupigia picha huko. Mimi nitaweka bahari."

Ejoku akatua kikombe. Kutoka bahari mpaka Malaba ni kilomita mia tisa na zaidi. Mtu akitengana na hamu yake kwa umbali huo, lazima katikati pawe na nafasi ya kula.

"Mama, uko na bahati kweli," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako si ilikuwa visa za Canada?"

"Hiyo nilimaliza."

Na hakudanganya. Waliokuwa na pesa za kumpa walikuwa wamekwisha.

Ni haki tuseme ukweli kuhusu Ejoku: hakuwa tapeli wa kubahatisha. Alikuwa na tai mbili, muhuri wa kampuni isiyokuwepo, na Probox nyeupe aliyoiosha kila asubuhi kabla hajaosha uso. Hiyo Probox ndiyo iliyokuwa duka lake, ofisi yake na heshima yake. Anayeshuka garini na funguo mkononi husikilizwa. Anayekuja kwa miguu huulizwa anatafuta nani. Ejoku alilijua hilo, na aliogopa kulipoteza gari lile kuliko alivyoogopa jela, kwa sababu jela alishawahi kukaa na akatoka.

Siku tatu alijifungia kusoma mambo ya samaki wa maji chumvi. Alichokikuta kilimtoa machozi ya furaha. Chumvi yao ni ya pekee na ni ghali. Mawe yao ni ghali. Taa ni ghali kuliko runinga, na kuna mashine ambayo kazi yake yote duniani ni kuengua povu. Lakini utamu wenyewe ulikuwa hapa: wataalamu wote, wa kila nchi, walikubaliana kwamba maji lazima yakae wiki sita na mawe peke yake kabla samaki wa kwanza hajaingia. Wiki sita mteja anatazama mawe na hana ruhusa ya kulalamika! Ejoku alihesabu kwamba kuvuka mpaka hadi Tororo, Uganda, humchukua nusu saa.

Akachapa bajeti kwenye cyber, kurasa mbili, akagonga muhuri. Shilingi laki saba na elfu themanini za Kenya. Mama Apolot akavaa miwani.

"Chumvi, elfu arobaini. Ejoku, chumvi?"

"Mama, hiyo si ya mboga."

"Mawe, laki na ishirini. Malaba hii imekosa mawe?"

"Hayo ni mawe hai, mama."

"Yanakula nini?"

"Wadudu wadogo wanaishi ndani. Ndio wanasafisha maji."

"Kumbe nanunua wadudu." Alifungua ukurasa wa pili. "Na hii, kifaa cha kupima maji?"

Hicho Ejoku alikuwa amekiweka tu ili ukurasa ujae. "Hiyo ni ya muhimu sana," alisema.

Mama Apolot akavua miwani. "Bajeti ni nzuri. Lakini wewe ni mtoto wa Mteso, unajua. Anayepika pombe ya ajono ndiye anavuta mrija wa kwanza, wageni waone hajaanguka. Nunua wewe kwanza, lete kitu na risiti, mimi nalipa vile risiti inasema."

Ejoku alipenda malipo ya kabla, kama watu wote wa fani yake. Lakini mila ni mila, na mwana wa Mteso atamwambiaje mama wa Kiteso kwamba anaogopa pombe yake mwenyewe? Akaenda Busia kwa fundi wa vioo, akatengenezewa tangi kwa elfu ishirini na nane, akajiandikia risiti ya elfu sitini. Mama Apolot alihesabu elfu sitini mchana huohuo, noti mpyampya, akamwongezea na sahani ya kuku.

Hapa msomaji mwenye akili atashtuka, kwa sababu kumwonjesha mtu faida ndogo mapema ndiyo somo la kwanza la utapeli. Ejoku mwenyewe aliwahi kuwafundisha vijana wawili somo hilo, kwa ada. Ila mwalimu huwa hasomi alichokiandika ubaoni.

"Sasa hizo zingine," Mama Apolot alisema, "nitakulipa zote pamoja siku samaki wanaogelea. Kuna shamba yangu nauza. Lakini risiti andika jina yangu na ugonge imelipwa. Mzee wangu akiona deni kwa hii nyumba, hiyo tangi ataivunja na jembe."

"Hakuna shida, mama."

Kwa kweli aliona shida moja tu: kwa nini anunue vitu vya kweli? Akaokota mawe ya mtoni kule Namboboto, akayapaka rangi ya zambarau. Akanunua chumvi ya dukani, katoni mbili, na kile kifaa cha kupima maji, kwa kuwa kilikuwa cha bei ndogo. Maji yalipendeza. Siku ya pili akaja Mwalimu Aguti, binti wa dada yake Mama Apolot, anayefundisha sayansi. Alikuwa ameshika kile kifaa.

"Uncle Ejoku, hii chumvi ni ya kupikia," alisema kwa upole. "Na hii rangi inatoka." Akamwonyesha kidole cha zambarau.

"Nilikuwa nawapima kama mko macho."

"Tuko macho," Aguti alisema. "Nitakuwa nakuja kila Jumamosi."

Ejoku akakaa ndani ya Probox akapiga hesabu. Vitu vya kweli vingemgharimu laki tatu na kitu. Risiti zingesema laki saba. Mtu mwenye busara angechukua faida yake ya elfu thelathini na mbili akaenda zake. Ejoku aliiuza Probox kwa muuza nafaka wa Khunyangu, akaiaga kwa kuifuta kioo cha mbele na mkono wa shati. Alilia kidogo, halafu akapanda boda.

Mawe yakaja kutoka Nairobi, na taa, na mashine ya povu. Zile wiki sita alizokuwa amejipangia za kukimbia akazitumia kutoa ndoo za maji machafu na kuingiza ndoo za maji masafi, Jumamosi akisomewa vipimo na Aguti. Bajeti yake ilikuwa imesahau umeme, kama bajeti za kwanza zote zinavyosahau. Mchana mmoja baada ya wiki hizo stima ilipotea Malaba nzima, pampu ikazima, na Ejoku akakaa saa tano akichota maji kwa kikombe na kuyamimina tena ili yapate hewa. Wakati huo samaki watatu wa kwanza walikuwa wameshaletwa kutoka Mombasa, kwenye mifuko iliyojaa hewa. Mmoja, yule wa chungwa mwenye mistari myeupe, alikuja kusimama karibu na mkono wake. Alimpenda. Hakuna namna nyingine ya kulisema: jitu zima, lililowauzia watu Canada, lilimpenda samaki wa urefu wa kidole.

Siku ya malipo alifika mapema, akiwa amejaribu tai zote mbili kwa zamu nyumbani mpaka akachagua moja. Mapokezi palikuwa na meza tupu na sakafu yenye maji. Mama Apolot alikuwa akimenya njugu.

"Mama, bahari iko wapi?"

"Ilivuka mpaka asubuhi. Nimemuuzia Okiria wa Mbale, ana hoteli kubwa. Ndiye alinitumia ile video. Alitaka tangi iliyokomaa, samaki ndani, na karatasi za kuonyesha ni mali ya nani na ilinunuliwa pesa ngapi. Karatasi zako zilipita bila maneno. Umezigonga vizuri."

Ejoku akatazama ile meza tupu. "Na pesa yangu?"

"Gani?" Akavuta bahasha. Risiti kumi na mbili, kila moja na jina lake, kila moja IMELIPWA. "Si nilikulipa? Umeandika wewe."

"Mama, nitaenda polisi!"

"Nenda. Uwaambie hizi risiti ni za uongo. Watakuuliza mwenye muhuri ni nani." Akamsogezea njugu. "Kula, kijana wangu. Umekonda."

Jumapili moja, miezi miwili baadaye, Ejoku alivuka mpaka kwa miguu, akapanda gari la kuchangia hadi Mbale, akaingia ile hoteli ya Okiria na kukaa meza iliyo karibu na tangi. Mhudumu alikuwa akiwaeleza wageni kwamba kazi ile ilifanywa na Mjerumani. Ejoku alitazama mpaka yule wa chungwa akatokea nyuma ya jiwe, mnene, mzima. Kisha akaletewa bili ya soda moja, shilingi elfu ishirini za Uganda.

"Soda?" alisema. "Elfu ishirini?"

"Meza za huku mbele zina bei yake, ssebo. Ni kwa sababu ya samaki."

Ejoku akalipa, akaagiza nyingine.