Kiti Kipo, Wateja Hawapo

Jumatatu, 3 Machi

Amri imetoka. Binti yetu anakuja Jumamosi na kichanga chake cha wiki tano. Atakaa nasi miezi mitatu, maana mumewe, dereva wa malori, yuko safari ndefu. Chumba kidogo kiwe kitupu kabla hajafika. La sivyo ataenda kukaa kwa mwanyumba wangu, muuza mabati, aliyemwoa dada yake Kamanda. Kamanda ni mke wangu. Nilimwoa kwa hiari yangu.

Chumbani kuna kiti cha kinyozi. Kimoja tu, lakini kimekijaza chumba. Kinapanda, kinashuka, kinazunguka, na kukibeba kunataka wanaume wanne walioshiba. Nilikinunua mwaka juzi nilipofungua saluni. Saluni ilidumu wiki tatu. Wateja wanne, mmoja wao mimi. Sebuleni hakirudi. Mwalimu mkuu wa shule ninakofundisha Kiswahili alipotutembelea alikikalia, akagusa pedeli kwa bahati mbaya, akashuka nacho polepole mpaka kidevu kikawa sawa na meza, kikombe cha chai mkononi. Hajawahi kulizungumza jambo hilo. Ndiyo maana namwogopa.

Ila sina wasiwasi, na shule iko likizo. Siku hizi kila kitu kinauzwa kwa simu. Nimekipiga picha, nikaandika: "Kiti cha kinyozi, kizima, kina adabu zake." Dakika ishirini, ujumbe kumi na nne! Wote neno moja: "Ipo?"

Nimewajibu mmoja mmoja kwamba kipo. Kesho hakitakuwepo. Nimemwambia Kamanda aanze kufua mapazia ya chumba.

Jumanne, 4 Machi

Kimya. Waliouliza kumi na wanne, waliorudi sifuri. Nimewaandikia tena kuwauliza kama wamepata jibu langu. Wamelipata, alama zinaonyesha wamelisoma. Sielewi. Mtu anauliza kama kitu kipo, anaambiwa kipo, anaondoka zake kana kwamba alikuwa anakisalimia tu.

Asubuhi mmoja alizinduka. Anajiita Dada wa Mapazia. Akaandika: "Nakuja." Nikaoga mara moja. Nikapangusa kiti, nikajaza chupa ya chai, nikakaa dirishani. Saa tatu ikapita, saa sita, saa tisa. Chai nimeinywa mwenyewe, chupa nzima.

Saa kumi na moja Kamanda akaniuliza kama kweli mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Akanikumbusha kwamba kwa lugha yetu anayesema "nakuja" mara nyingi ndiyo kwanza anaondoka. Akatoa mfano. Mfano ni mimi: juzi nilimwambia "nakuja" huku nafunga kamba za viatu, nikarudi ameshaosha vyombo vya chakula cha jioni. Mfano wenyewe haukuwa na ulazima.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua ugonjwa. Ni ngeli! Kiti ni KI-VI. Kiti kipo, viti vipo. Mtu asiyejali upatanisho wa kisarufi atajali vipi miadi? Basi nimeweka chujio. Anayeandika "Ipo?" hajibiwi. Anayeandika "Kipo?" anapokewa kama mgeni rasmi.

Mpaka adhuhuri: "Ipo?" tisa. "Lipo?" moja, huyu nilimhurumia. "Upo?" moja, nikamjibu kwamba nipo, namshukuru Mungu, habari za kwake. Kumbe naye alikuwa anauliza kiti. "Kipo?" hakuna hata moja.

Mmoja wa wale wa "Ipo?" nikaona nisimwache gizani. Nikamwandikia aya mbili za upole, pamoja na mifano kutoka kwenye vitu vya nyumbani. Akajibu kwamba anataka kiti, hataki darasa. Kisha akanifungia nisimwandikie tena. Mifano yenyewe ilikuwa mizuri.

Jioni mwanyumba akapiga simu. Sauti tamu. Amepaka rangi chumba cha wageni, amefunga feni, amenunua neti yenye vipepeo. Akauliza hali ya kiti kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa aliyelazwa. Nikamwambia wateja wanagombana mlangoni. Akasema basi aniache nikawaamue. Nilimsikia akicheka kabla simu haijakatika.

Alhamisi, 6 Machi

Dawa ya moto ni moto. Wateja hawakitaki kitu mpaka waone mwenzao amekishika. Nikafungua akaunti ya pili, jina Mama Saluni, picha ya ua. Mama Saluni angekisifu kiti chini ya tangazo langu, wivu ungewaka, mambo yangekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Nikaandika: "Jamani, nimekiona kwa macho yangu. Kiti ni imara, na muuzaji ni mstaarabu, msomi, tena mtanashati. Nakuja kukichukua leo jioni." Nikatuma. Nikaenda kuchemsha chai.

Kurudi, watu thelathini na mmoja wamecheka. Ujumbe umetoka kwa jina langu. Kwa picha yangu. Nimevaa tai. Mwanyumba amecheka mara tatu mfululizo. Mwalimu mkuu amecheka pia, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu kuhusu kiti. Kibaya zaidi, watu wawili waliokuwa wameshauliza njia ya kufika kwangu wameandika kwamba basi, maadamu kina mtu, heri yake.

Nilitaka kuufuta. Nikakuta Kamanda ameshaandika chini yake: "Mimi ni mke wake. Ustaarabu nathibitisha. Mengine mje mjionee." Nimeuacha ulivyo. Nimeusoma mara sita.

Ijumaa, 7 Machi

Imebaki siku moja. Leo sikuwa na mpango wowote mpaka saa nane, jambo ambalo halijanipata tangu nikiwa mdogo.

Niandike ukweli maana daftari hili halisomwi na mtu. Binti yetu alipozaliwa nilikuwa chuo cha ualimu, mbali. Nilimwona ana miezi minne. Nilimnyooshea mikono, akanitazama, akalia kama ameona mwizi, akajificha shingoni kwa mama yake. Ilinichukua wiki mbili kukubaliwa. Wiki mbili hizo sijazisahau. Sasa mjukuu naye akakulie kwa muuza mabati, azoee sauti ile tamu, halafu mimi nipelekwe siku za mapumziko kama mgeni? Sitaki. Namtaka hapa, anililie hapa, anizoee hapa.

Kamanda alinikuta nimekaa kwenye kiti bila kuzunguka. Akaniletea karanga.

Saa tisa simu ikalia. Ujumbe: "Habari za mchana. Kiti cha kinyozi bado kipo?"

Kipo! Nikasimama. Nikamwita Kamanda aje ashuhudie. Ni kinyozi wa kweli, ana saluni yake ng'ambo ya soko, ana pikapu, ana wanaume wanne. Hakuuliza bei ya mwisho. Alimalizia: "Basi nakuja kesho saa 4."

Saa nne asubuhi. Binti anafika saa tano. Saa nzima ya kufagia! Kamanda akasema nimpigie nihakikishe. Nikamwambia mtu mwenye upatanisho wa kisarufi kama huu hapigiwi simu, ni kumvunjia heshima. Akaniuliza kama nimelisikia lile neno "nakuja". Nikamwambia linategemea msemaji.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ndefu. Naandika kwa mkono mmoja.

Saa mbili nikang'oa mlango wa chumba kidogo, bawaba zote tatu, ili kiti kipite vizuri. Mlango nikauegemeza ukutani nje. Kamanda akauliza kama huo nao unauzwa.

Saa nne. Hakuna mtu. Saa nne na nusu nikapiga simu, haipokelewi. Saa tano kasoro robo nikakishika kiti mwenyewe nikivute. Kiti hakikusogea. Mgongo ndio uliosogea.

Saa tano kamili likaingia gari la mwanyumba. Alikuwa amewachukua stendi, eti ili wasipate taabu. Hakuzima injini. Akaingia ndani, akakitazama kiti, akatazama pale palipokuwa na mlango, akanipa pole. Akasema vitu vya mtoto hakuna haja ya kuvishusha garini.

Na mtoto analia! Alikuwa amelia tangu safarini, uso mwekundu, ngumi juu. Mwanyumba akambeba, akamwimbia, kilio kikaongezeka. Kamanda akambeba, mtoto akanyamaza kidogo akapata pumzi, akaanza upya. Binti yangu alikuwa amechoka hata machozi yanamtoka bila yeye kujua. Akamchukua mwanawe, akakaa kwenye kitu cha kwanza alichokiona. Kiti.

Miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari. Nikataka tu kumwinulia. Nikakanyaga pedeli. Kiti kikapanda polepole, pssss. Mtoto akakata kilio katikati. Sote tukakodoa macho. Nikakanyaga tena. Pssss. Akafumbua macho, akanitazama mimi. Mimi! Hakulia. Nikakizungusha kiti taratibu, dirishani, ukutani, dirishani. Mzunguko wa nne alikuwa amelala, na mama yake naye, mdomo wazi kama alivyokuwa akilala utotoni.

Mwanyumba akanong'ona kuuliza watatoka saa ngapi. Kamanda akamnong'oneza akazime gari, linapiga kelele, na akitoka huko arudi na mizigo. Ndipo nikagundua jambo jingine: mlango ule ulikuwa unafungukia ndani na kula nusu ya chumba. Bila mlango, kitanda cha binti kinaingia pembeni ya kiti, sawasawa. Nikamwambia Kamanda kwamba nilipanga hivyo tangu asubuhi. Akatundika pazia.

Mwanyumba alikibeba kitanda upande wake bila kunung'unika. Alipokuwa anaondoka alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Kesho analeta neti ya vipepeo. Nimemwambia aje wakati wowote. Ni mtu mzuri, ukimzoea.

Saa kumi kamili, honi. Pikapu. Wanaume wanne. Simu yangu ikatetemeka: "Nimefika. Kiti kipo?"

Kumbe! Nikaangalia saa ya simu: 4:00. Kinyozi aliandika anachokiona kwenye simu yake, mimi nikasoma kama nilivyofundishwa na bibi yangu. Mtu mzima, mwenye sarufi safi, ananiandikia saa za simu.

Binti akafumbua jicho moja, akasema kiti hiki hakiendi popote, na baba akikiuza yeye anaondoka nacho. Basi neno limekwisha. Ilibaki kumwambia kinyozi. Nilikuwa na nia hiyo. Nilishika simu, nikafikiria namna ya kuanza, wanaume wanne walikuwa wanaonekana dirishani wakikunja mikono ya mashati. Nikaandika: "Nakuja." Kisha nikaingia jikoni nikajificha nyuma ya friji.

Kamanda ndiye aliyetoka. Amewapa chai wote watano. Kinyozi akaomba kukiona kiti tu, akachungulia penye pazia, akaona wawili wamelala. Akaenda kwenye pikapu, akarudi na kopo la mafuta, akapaka pedeli ili isilie sana. Hakudai kitu. Kamanda anasema kinyozi aliuliza kama mimi nipo. Akamjibu kwamba nipo, ila nakuja.

Jumapili, 9 Machi

Mjukuu amelala kifuani kwangu tangu saa moja asubuhi. Nimemkanyagia pedeli mara mia mbili na kumi. Mguu umekufa ganzi, moyo umejaa. Akiamka ananitazama kwanza mimi, kisha anatafuta maziwa.

Nimekaa nikifikiri juu ya wiki hii. Funzo ni kwamba watu wa mtandaoni hawana msimamo. Wanauliza, wanajibiwa, wanapotea. Wanaahidi kuja, hawaji. Tabia mbaya sana, na nitaizungumzia darasani likizo ikiisha.

Halafu nikapata wazo. Ni watoto wangapi nchi nzima wanaolia saa hizi kwa kukosa kiti cha kinyozi? Chumba kimoja, viti vitatu, wazazi wanapanga foleni barazani! Mwanyumba ana nafasi nyuma ya duka la mabati. Kamanda amelala, sijamwambia.

Kwa mkono uliobaki nikatafuta mtandaoni. Nimepata viti vitatu, wauzaji tofauti. Nikawaandikia wote, haraka haraka, neno moja: "Ipo?" Ngeli nimeiona baada ya kutuma, lakini mtu mwenye mtoto kifuani hawezi kurudia.

Wamejibu wote watatu ndani ya dakika moja. Viti vipo. Mmoja anasema ameshakitoa nje, ananisubiri na chai.

Nimewajibu wote: "Nakuja." Mjukuu akaanza kujinyoosha, nikaweka simu chini ya mto, nikakanyaga pedeli.