Pankrasi Alipoyakabili Matembele

Sogeeni, enyi watu wa Lizaboni, tueni ndoo, zimeni redio, msikie habari za Pankrasi mwana wa Lidwina, simba wa kidato cha pili, mpasua upepo, aliyeapa kuingia katika timu ya mbio itakayokwenda Mbinga, na ambaye katika mazoezi alianguka chali katikati ya kilima, huku mdogo wake Ida akimpita na ndoo ya maji kichwani na kumwuliza, "Kaka, nikubebe?"

Aibu ilimchoma mpaka mifupani. Mchujo ulikuwa Jumamosi, wavulana kwa wasichana, na Ida naye alikuwa amejiandikisha.

Zama hizo biashara ilikuwa imefunguliwa, na dukani kwa Abdulatifu wa Tunduru bidhaa za ng'ambo zilijipanga kama majeshi. Pankrasi akamtoa jogoo wake kuwa malipo, akateka kopo la vitamini, akabwia kiganja kizima. Naam, siku ile alikimbia kuliko siku zote: darasani hadi chooni.

Muuguzi wa zahanati akamfunua kope. "Damu yako pungufu, mwanangu. Kula mboga za majani, zina madini ya chuma. Zikamulie limau. Na chai usinywe papo hapo na chakula."

Majani! Adui wake wa tangu utotoni, ambaye Pankrasi alikuwa akimsukumia Ida katika sahani yao moja, akijiona mjanja. Kumbe miaka yote alikuwa akimlisha mshindani.

Jioni akanawa, akaketi mkekani, akahutubia: "Mama, shuhudia! Mababu zetu walikabili bunduki za Mjerumani. Mimi sitayakimbia matembele!"

"Kula, baba, ugali unapoa," akajibu Lidwina.

Tonge likagoma kooni. Akalisukuma kwa machozi, likapita likinung'unika. Akachota jingine. Ndipo Ida akanguruma: "Kaka, hayo ni yangu! Mpaka huu naulinda tangu sijaota magego!"

Ikawa vita. Vidole vikakabana juu ya mchuzi, limau likaruka machoni, na Pankrasi, hoi, akalitwaa jani la mwisho na kulimeza mbele ya mashahidi.

Jumamosi hakuchaguliwa; majani hayana haraka. Aliyechaguliwa ni Ida. Shujaa alilia kidogo, kisha akaulizia chakula.

Basi iwekwe katika kumbukumbu za Ungoni: tangu siku ile, nyumbani kwa Lidwina, fungu moja la matembele halikutosha tena.