Betri ya Trela na Umeme wa Padri

Jumapili, 29 Oktoba

Theluji ya kwanza. Trela langu la kulala nimeliegesha nyuma ya ukumbi wa kanisa, kama kila mwaka. Mkwe wangu Garth kaja kutoka Winnipeg na mdomo wake. Eti mama, fungua betri, anza na waya mweusi, iweke ndani ya nyumba, ichaji kila mwezi. Eti kile kidude cha kunusa gesi humo ndani hakilali, kinainyonya betri kama kupe. Nimemwambia nilikuwa nakamua ng'ombe kabla baba yake hajaota meno.

Hakubisha. Hapo ndipo nilipoogopa. Kasema taratibu kwamba betri mbili nimeshaziua. Ya tatu ikifa, trela linauzwa, na kiangazi nitakaa kwake, chumba cha chini, nikilea wajukuu. Kiangazi bila ziwa! Afadhali wanizike.

Jumatatu, 30 Oktoba

Betri ni nzito kama ndama. Siibebi. Jirani yangu Nettie Sawchuk, ambaye trela lake liko ubavuni mwa langu, kaiburuta ya kwake hadi nyumbani kwa sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji. Kaifunika blanketi. Tena kaifumia sweta! Betri! Marehemu mumewe hakufumiwa hata soksi.

Mimi nina akili. Ukutani kwa ukumbi kuna soketi za waumini, za kuchomekea magari ili injini zisigande wakati wa misa. Nimechomeka chaja yangu hapo na kuivuta hadi kwenye trela. Umeme wa padri, betri yangu. Mungu ni mwema.

Jumanne, 12 Desemba

Baridi ya mwaka huu kibogoyo. Matope mwezi wa Desemba! Nimepita kuangalia. Taa ya chaja haiwaki. Basi betri imeshiba, imelala. Kila kitu kikishiba hulala, hata marehemu mume wangu. Nettie kauliza kama nimeipima. Nimemwambia mjukuu akilala hapimwi, anaachwa alale. Kanitazama kama mtu anayetazama maziwa yakichacha. Ana wivu.

Jumamosi, 13 Januari

Malanka, mkesha wa mwaka mpya wetu wa kalenda ya zamani. Baridi imekuja kulipiza kisasi, mate yanaganda kabla ya kufika chini. Ukumbi umejaa, fidla, pirohi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi na siagi. Padri kasimama na glasi yake, anajisifu. Kumbe zile soketi za nje kazifungia swichi ya baridi. Haziamki mpaka baridi ifike nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, watu wasichezee umeme wa kanisa. Watu wakampigia makofi. Basi ile taa iliyozimika Desemba haikuwa shibe, ilikuwa njaa; nikaiacha pirohi sahanini.

Nimetoka na shali tu. Chaja inawaka sasa, nyekundu, fedhuli. Betri imetuna mbavu kama ng'ombe aliyevamia shamba la majani mabichi. Nyuma yangu Nettie na tochi. Nani kamwita?

"Iliisha kwanza, ndiyo ikaganda, bibie," kasema. "Iliyojaa haigandi. Chomoa kabla haijatulipua."

Nimechomoa.

"Na huo umeme wa kanisa uliomba?"

"Ni sadaka," nikamwambia. "Nilikuwa najirudishia."

Jumapili, 14 Januari

Garth kapiga simu. Anakuja kesho na kipimo chake. Betri nimeileta kwa sleji, nimeiweka bafuni iyeyuke kwa heshima. Imepasuka. Maji yake makali yametoboa zulia. Zulia la harusi ya Lesia, binti yangu!

Nimekwenda kwa Nettie. Sijawahi kumwomba hata chumvi. Nilimwomba aniazime betri yake siku moja, nikaangalia ukuta. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Kataka kitu kimoja: mahali pangu ziwani, chini ya miti ya mibetula, pale miguu inapogusa maji bila kushuka ngazi. Nimepashikilia tangu marehemu mume wangu yuko hai. Kila Mei nawahi kabla ya alfajiri ili Nettie asipaguse.

Nimempa. Nimelia njiani, lakini machozi yaliganda, kwa hiyo hayahesabiki.

Jumatatu, 15 Januari

Garth kapima betri mezani jikoni. Nzima, imejaa. Nikamkatia keki, nikakaa kama malkia. Kisha kainama.

"Mama, umeanza lini kufuma?"

Sweta! Sikuivua. Nimesema zamani sana. Kasema Lesia alimwambia kifungo kikikatika mimi hupiga msumari. Kauliza Nettie kataka nini. Nilidanganya, nikachoka, nikamwambia.

Kaweka kipimo chini.

"Umempa Nettie mahali pa ziwani? Wewe?"

"Nimempa. Sasa uza, unipeleke kwenye shimo lako."

Kala keki yote. Halafu kafuta mdomo.

"Siuzi," kasema. "Mtu aliyempigia Nettie magoti kwa ajili ya trela, nikimnyang'anya, hata mbwa wangu hatanisemesha."

Nimemwambia magoti sikupiga. Nilisimama wima.

Jumapili, 14 Aprili

Garth kaleta betri mpya, na juu ya paa la trela kafunga paneli ya sola. Itaichaji yenyewe, kiangazi na kipupwe. Kasema mara mbili, polepole, kama kwa kiziwi: "Mama, kazi yako ni kutoigusa."

Inang'aa! Nettie kaja kuikodolea macho, kasema atamwambia mwanawe amletee kama hiyo. Mwigaji!

Gari la Garth lilipokata kona tu, nimepanda ngazi. Nimeifunika paneli kwa turubai nene la kufunikia nyasi za ng'ombe, nikaifunga kamba pande zote. Jua lisiichakaze, theluji isiiguse, na Nettie asiione. Ikifika vuli itakuwa mpya kabisa. Garth anadhani sijui kutunza vitu.