Faili la Namba za Siri

Jumapili, 26 Januari

Ushindi! Abla Inayat, mwalimu mkuu wetu, amenikabidhi faili la namba za siri. Amenikabidhi mimi, si Shauki. Shauki wa hesabu, ambaye tangu Desemba anatembea kifua mbele kana kwamba ukuu wa chumba cha matokeo ni urithi wa babake.

Kazi yenyewe ni nzito. Karatasi za mtihani wetu hazina majina, zina namba tu, ili msahihishaji asimpendelee mtoto wa shangazi yake. Nani ana namba gani? Hilo limo katika faili moja, ndani ya kompyuta moja. Bila faili hilo, wanafunzi mia nne na kumi na wawili hawana matokeo. Yanabandikwa Alhamisi saa sita mchana. Nikifika hapo salama, Abla kasema ukuu wa chumba ni wangu. Nikiboronga, ni wa Shauki.

Shauki amenipa mkono mbele ya watu. Akasema, "Hongera ustadhi, ila usije ukalisahau kwenye treni kama ule mwavuli." Mwavuli! Miaka tisa iliyopita! Watu wa mji wetu wa Tanta hawana kusahau.

Jumatatu, 27 Januari

Nimemkuta Shauki karibu na kompyuta. Eti anatafuta chaki. Chaki kwenye kompyuta!

Basi. Nimeweka programu ya kusimba mafaili. Unalisimba faili, maandishi yote yanageuka takataka mpaka uweke neno la siri. Na uzuri wake ni huu: neno likikosewa mara kumi, faili linajifuta lenyewe. Maelezo yanashauri ubaki na nakala pembeni. Nakala ni mlango wa nyuma. Nimeifuta.

Likabaki neno la siri, na hapa ndipo akili za watu zinapopimwa. Shauki anajua timu yangu, anajua majina ya wanangu, anajua hata namba ya gari langu kwa kuwa kila asubuhi analizibia njia. Nikawaza mpaka chai ikapoa. Kisha nikacheka peke yangu.

Jina la mama! Mwanamume wa Misri atakwambia mshahara wake. Atakwambia kipara kilimwanza lini na mkewe kamnunia kwa lipi. Jina la mama yake hakwambii ng'o. Mimi nimelilinda langu tangu darasa la kwanza. Rafiki yangu mmoja wa utotoni, wenzake walilijua la mama yake. Waliliimba uwanjani wiki nzima, mtoto wa watu akahamishwa shule. Langu halikujulikana. Hata kadi ya arusi yangu iliandikwa "mama wa bwana arusi", basi.

Nikaongeza na mwaka aliozaliwa. Sasa aje mwizi yeyote. Hata humu siliandiki.

Jumanne, 28 Januari

Kanuni! Mlaaniwe, watunga kanuni!

Abla Inayat anasema neno la siri lazima liandikwe, litiwe ndani ya bahasha, bahasha ipigwe muhuri na kuwekwa kwenye sefu. Dharura ikitokea, kamati ya watu watatu inaifungua, inalisoma KWA SAUTI, na linaingia kwenye kumbukumbu za kikao. Nikauliza wajumbe ni nani. Abla mwenyewe, karani, na Shauki.

Nikaandika "Tanta1234". Nikaibandika bahasha kwa mate na kwa moyo safi. Si uongo. Ni ulinzi wa pili. Na dharura itoke wapi, siku mbili tu zimebaki?

Jioni simu kutoka Sohag, kwetu kusini. Ami Bayumi, mdogo wake baba, hatunaye. Mungu amrehemu, mtu mwema, lakini angengoja Ijumaa. Mama hawezi kusafiri peke yake, lazima nimpeleke. Abla akanipa pole na ruhusa, akasema nisihangaike kwa kuwa bahasha ipo. Nikasema ipo. Sikudanganya, bahasha ipo. Nitakuwa nimerudi Alhamisi asubuhi.

Jumatano, 29 Januari

Tumemzika Ami. Nimelia kweli. Alinifundisha kuendesha baiskeli.

Nilipochukua mkoba niwahi treni, binamu zangu wakanizuia. Matanga ni siku tatu, na mimi ndiye mwanamume mkubwa wa upande wa baba. Nani atasimama kupokea pole? Nikaeleza habari za faili. Binamu mmoja akaniuliza kama nimepungukiwa na akili, unatoka kwenye matanga ya baba yako mdogo kwa ajili ya kompyuta? Nikasisitiza. Wakanificha viatu.

Sitikisiki. Kule Tanta kuna bahasha.

Ndiyo, najua kilichomo kwenye bahasha.

Alhamisi, 30 Januari

Naandika huku shavu linauma. Nitaeleza kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi simu inalia. Nimesimama kwenye hema la matanga, nimepewa kahawa chungu, msomaji yuko katikati ya Yasini. Nikapanda juu ya paa, mtandao unapatikana huko tu. Nikapanda peku.

Ni Abla Inayat. Bahasha imefunguliwa, neno limekataliwa. Wameliandika tena kwa herufi kubwa, likakataa. Kisha Shauki akajitolea kubahatisha: timu yangu, wanangu watatu, namba ya gari. Jumla mara saba. Zimebaki tatu faili lijifute! Wazazi wa wanafunzi wamejaa getini, wanagonga mlango kwa viatu. "Sema neno, Ustadhi Rifaat, sema upesi!"

Nikasema nitamnong'oneza yeye peke yake. Haiwezekani, simu iko kwenye spika, kamati nzima lazima isikie. Nikaomba Shauki atolewe nje. Kanuni inakataa. Ndipo Shauki akauliza, kwa upole wa nyoka, kama ni jina la mke wangu. Nikasema siyo. Kisha nikamsikia anapiga meza. "Wallahi ni la mama yake! Jamani, ni jina la mama yake!" Na karani, mtu mzima mwenye wajukuu, akaangua kicheko.

Nikasimama imara. Nikasema basi wacha faili life. Watoto warudie mtihani, mimi nifukuzwe, nitauza maharage stesheni, lakini jina hilo halitoki mdomoni mwangu. Nimelishika miaka arobaini na minne, sitaliachia kwa ajili ya alama za jiografia! Nilisema kwa sauti kubwa. Ubaya wa paa ni kwamba chini yake ndipo walipokaa wanawake wa matanga. Wakaacha kulia wasikilize.

Mama akapanda ngazi, ameshika gauni lake jeusi, anahema. Akauliza kuna nini. Nikamweleza. Akanitazama muda mrefu, mpaka nikatamani anipige tu yaishe.

Akasema, "Unanionea haya, Rifaat? Nimekubeba miezi tisa, nimekuosha kinyesi kwa mikono hii. Leo jina langu ni aibu?"

Nikasema si aibu, mama, ni usalama.

Akaninyang'anya simu. "Haya nyie watu wa Tanta, andikeni! Mimi ni Tafida! Tafida binti Abdel-Gawad! Na mwanangu ni mjinga lakini si mwizi!"

Tafida. Nimeliandika. Kuna faida gani kulificha sasa.

Abla akauliza mwaka wa kuzaliwa. Mama akajibu bila kupepesa macho: hamsini na sita. Wakaandika. Likakataa. Zimebaki mbili!

Mwaka wa kweli naujua mimi, nimeuona kwenye kitambulisho. Nikageuka ukutani, nikanong'ona. Abla akasema hasikii. Nikarudia. Hasikii. Na chini pale amekaa Um Gamal, mjane wa Ami, ambaye kwa miaka arobaini wanabishana na mama nani ni mkubwa. Nikaangalia saa. Nikawafikiria watoto mia nne na kumi na wawili. Nikaufikiria ukuu wangu zaidi.

"HAMSINI NA MOJA!" nikapiga kelele.

Faili likafunguka. Getini watu wakashangilia, nimewasikia kwenye simu. Chini Um Gamal naye akashangilia, kwenye matanga ya mumewe: "Si nilisema! Si nilisema!"

Mama yeye alikuwa na viatu. Akavua kimoja.

Jumamosi, 1 Februari

Nimerudi Tanta peke yangu, mama amebaki, matanga ya wanawake huchukua siku zaidi. Tafida, Tafida, Tafida. Watoto wananiimbia toka stesheni hadi mlangoni. Muuza mkate kaniuliza hali ya Hajjati Tafida. Shauki kanitumia ujumbe wa rambirambi, na mwisho wake kaandika "salamu kwa Mama, kijana wa hamsini na sita".

Ukuu wa chumba cha matokeo kapewa Shauki. Mimi nimepewa stoo ya viti. Walidhani nitalia. Thubutu! Stoo ina kompyuta yake. Kwenye kompyuta kuna orodha ya viti, kipi kizima na kipi kimevunjika mguu. Hiyo nayo ni siri ya shule.

Nimetafakari, na kosa langu lilikuwa moja tu: nilitumia jina la mtu aliye hai. Aliye hai hupanda ngazi. Kwa hiyo leo nimeisimba orodha ya viti kwa jina la bibi yangu mzaa mama, aliyefariki kabla sijaanza shule. Nakala nimeifuta.

Jina lenyewe sikulijua, sote tulimwita Sitti, yaani bibi, basi. Nikampigia mama. Kanitajia, ingawa bado amenuna, kisha akauliza nalitakia nini. Nikamweleza, nikamwapisha asimwambie mtu. Akaapa. Nyuma yake nikawasikia wanawake wote wa matanga wakilitaja jina hilo na kumwombea marehemu rehema.

Hakuna hatari. Sohag ni mbali.