Machinjio, Mlinzi wa Mazingira

Jumatatu, 3 Machi

Imebaki wiki moja tu hadi maonyesho ya mabango ya utafiti. Kila mwanafunzi wa mazingira atasimama mbele ya bango lake na kulitetea. Asiye na bango hahitimu. Na shangazi, anayenilea na kunilisha, ameshajishonea gauni la kuvaa kwenye mahafali yangu. La kijani, mikono mipana. Hakuna kurudi nyuma!

Mada yangu: uchafuzi wa kijito, kutoka chemchemi hadi machinjioni. Nilitakiwa nichote maji sehemu tano tangu mwezi uliopita. Sijachota hata tone. Si uvivu. Jua kali, njia ndefu, na kule machinjioni kuna mbwa wasio na adabu.

Binti wa shangazi tunasoma naye darasa moja. Namwita Mabuti, maana kila Jumamosi huvaa mabuti ya mpira akashuka mtoni peke yake. Leo kaniuliza nimefika wapi. Nikamwambia debe tupu ndilo linalovuma, mimi nafanya kazi kimyakimya. Akacheka mpaka akapaliwa.

Jioni wazo likanijia. Nyuma ya nyumba kuna tangi. Maji ni maji.

Shangazi kalala mapema, tumbo linamsumbua tena. Analaumu maharage.

Jumanne, 4 Machi

Chupa tano zimejaa, zote kutoka koki ya tangi! Nimezibandika majina: Chemchemi, Shambani, Darajani, Sokoni, Machinjioni. Ila mimi si mjinga. Uchafu lazima uongezeke kadiri kijito kinavyoteremka. Nikajiuliza, humu ndani ni kitu gani kinanuka kuliko vyote? Dawa ya kung'arishia mashuka! Ikifunguliwa, hata paka hutoka nje. Chemchemi sikutia kitu. Shambani matone mawili. Darajani kijiko. Sokoni kijiko na nusu. Machinjioni nikamimina bila huruma. Akili ni mali.

Dawa ikanirukia. Suruali yangu nyeusi sasa ina madoadoa meupe. Fundi wa maabara kaniuliza nimepatwa na nini. Povu la mto, nikamwambia. Kanitazama, kanusa chupa, kanitazama tena, kisha akazipokea.

Alhamisi, 6 Machi

Majibu ya maabara bado. Foleni ya kuchapisha mabango ni ndefu, sasa ya nini kungoja majibu ninayoyajua? Nimechapisha. Herufi kubwa nyekundu: KADIRI KIJITO KINAVYOTEREMKA NDIVYO KINAVYOCHAFUKA. Bango zuri ajabu. Mabuti bado anahesabu namba zake kwa penseli. Nimemhurumia.

Ijumaa, 7 Machi

Lo!

Majibu yametoka. Machinjioni: hakuna hata mdudu mmoja. Sokoni: maji safi. Chemchemi: bakteria wa kinyesi, wengi hawahesabiki! Fundi kaniuliza kama nilichanganya majina. Nikasema hapana, na hapo nilijifunga mwenyewe.

Nimekaa na chupa ya dawa ile nikaisoma maandishi yake kwa mara ya kwanza. Inaua vijidudu. Basi!

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini bango linabandikika. Nimefunika kichwa kile kwa karatasi, nikaandika kipya: MACHINJIO, MLINZI WA MAZINGIRA. Nimebuni na nadharia: mifupa huchuja maji. Msimamizi wetu, tunayemwita Bi Ushahidi kwa sababu neno hilo halimkauki mdomoni, kalisoma mara mbili. Kasema atamwalika mhandisi wa maji aje alione. Nadhani nimemgusa.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi kashika tumbo tena asubuhi. Kaagiza maharage yasipikwe mwezi mzima. Mimi na Mabuti ni watu wa chai, lakini yeye akajimiminia bilauri ya maji ya koki, akanywa yote.

Nami nikaganda. Chupa ya Chemchemi ni tangi letu.

Nimekaa siku nzima roho juu. Nikisema, bango limekufa, mahafali yamekufa, na gauni la kijani litaliwa na nondo. Nisiposema, shangazi anakunywa. Nikamshauri achemshe maji. Akasema anayanywa maji hayo tangu mimi sina meno.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata njia ya katikati! Wenyewe walipotoka, nikafungulia tangi limwagike lote. Sikukumbuka boya. Maji yalipungua, boya likashuka likafungulia bomba, mengine yakaingia juu ya uchafu uleule. Shangazi karudi kakuta bustani imekuwa bwawa. Nikamwambia namwagilia mchicha. Mabuti kasema mchicha haujapandwa.

Jumatatu, 10 Machi

Maonyesho. Ukumbi umejaa. Bango langu lilizungukwa na watu kuliko yote, na nilikuwa na furaha kwa robo saa hivi. Mhandisi wa maji akaja, mtu mrefu asiyecheka. Akaipita nadharia ya mifupa. Akasoma Chemchemi akatoa simu. Kasema familia nyingi huchota maji pale, kwa hiyo anatuma watu waifunge leo hii. Maji yale, kasema, hata adui yake hawezi kumpa.

Nikageuka. Shangazi kasimama nyuma yangu na gauni lake la kijani mwilini, kaja kulijaribu mbele za watu. Katoa mkobani chupa ya maji ya nyumbani, anafungua kifuniko, ananitazama kwa fahari.

"Shangazi, usinywe!" Sauti haikuwa yangu. "Hayo ndiyo ya Chemchemi. Zote tano ni tangi letu."

Mhandisi kashusha simu. Mabuti kafunika uso kwa bango lake. Shangazi akaitazama chupa, akaitazama suruali yangu yenye madoadoa, akakumbuka dawa yake ya mashuka.

Bi Ushahidi akasema, "Sasa huu ndio ushahidi."

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini shangazi alikifunga kifuniko, na moyo wangu ukatulia kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Nimeshinda ndani ya tangi na brashi. Kumbe mfuniko uliteleza zamani, popo wakaingia, wawili hawakutoka. Mabuti alikaa juu ya ngazi akipokea ndoo na kucheka. Bango lake limeshika nafasi ya kwanza, na hakunitajia hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Bi Ushahidi kaniita. Kasema nilistahili kufukuzwa, ila nimefungua mdomo wakati wa kuufungua, basi ananipa hadi Ijumaa. Nilete chupa tano za kweli. Shangazi hakusema nami kutwa. Usiku akaniwekea nyama mbili, na maharage. Tumbo lake limetulia. Nimeona aibu, nimeona na raha.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeapa. Udanganyifu basi! Mabuti kaniazima mabuti yake. Yananibana vidole. Jua ni lilelile, na mbwa wa machinjioni nimewasikia toka hapa.

Nimekaa kwenye kizingiti nikafikiri kama msomi. Kosa langu lilikuwa nini hasa? Dawa. Sitagusa dawa tena maisha yangu. Na tangi lilikuwa chafu. Sasa ni safi, nimelisugua kwa mikono yangu. Safi kama chemchemi! Na brashi niliyolisugulia ipo, sijaiosha. Kuichovya mara moja, Shambani. Mara mbili, Darajani. Machinjioni naiacha ilale humo.

Shangazi kauliza dirishani nafanya nini tena kwenye koki. Nimemjibu nakagua usafi. Chupa ya kwanza imejaa.